Mlingoti kwanza, mashine baadaye

Kila anayefika kwangu Kigamboni na kuona mapangaboi ya mtambo wangu wa umeme wa upepo yanazunguka huuliza bei ya mashine. Namwambia aulize kwanza bei ya mlingoti. Bomba, zege na waya za stei, zile zinazoushikilia mlingoti usianguke, vimekula pesa kuliko mashine yenyewe, na sijutii hata shilingi.

Sababu ni hesabu moja ambayo wauzaji wengi hawaisemi: kadiri unavyopanda juu upepo huwa na kasi zaidi, na kasi hiyo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara 8. Mapangaboi yangu yana kipenyo cha mita 2. Upepo wa mita 3 kwa sekunde hunipa kama wati 15, za kuchaji simu tu. Ukifika mita 6 napata kama wati 120, na hapo taa, feni na redio vinafanya kazi. Mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alishaonyesha kwamba hakuna mtambo unaoweza kunasa zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo, na hii midogo yetu hupata kama nusu ya hapo. Kwa hiyo ukiona tangazo la mashine ndogo inayowasha friji, pasi na pampu kwa pamoja, pita zako.

Fundi wa kuchomelea alitaka tuifunge juu ya bati ili tuokoe bomba. Nilikataa kabisa. Upepo ukigonga ukuta na paa unavurugika, mashine inahangaika kugeuka huku na huku, na mtetemo wote unashuka chumbani. Kanuni ninayoifuata ni mapangaboi kuwa juu kwa mita 9 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 150. Minazi ya jirani ilinitia wasiwasi, lakini iko upande wa magharibi, na upepo wetu mkubwa unatoka baharini.

Hilo la upepo nilijifunza kwa babu mmoja, nahodha wa zamani. Nilimwamkia, nikamwonyesha kiwanja, akasimama kimya akitazama mawimbi.

"Kusi ndiyo itakayokulisha, mwanangu, hasa mwezi wa sita na wa saba. Kaskazi nayo itakusaidia kuanzia Desemba. Ila tanga mbili zikija, pepo zinapopokezana, usitegemee kitu."

Imekuwa vilevile. Aprili upepo hautulii upande mmoja na masika yanafunika jua, kwa hiyo hata sola yangu inadhoofika, nashukuru sikukata umeme wa gridi. Kwa mtu wa Sinza au Kariakoo, katikati ya maghorofa, namshauri aweke sola tu.

Jambo ambalo halina mjadala ni betri zikijaa. Sola unaweza kuikata ikakaa tu juani, lakini mtambo wa upepo ukiuondolea mzigo unazunguka bila breki hadi uvunjike. Kontrola yangu, kifaa kinachosimamia chaji ya betri, huupeleka umeme wa ziada kwenye koili ya hita, iliyofungwa ukutani mbali na mbao. Kukiwa na kazi huko juu, hatupandi: mlingoti una bawaba chini, tunaulaza kwa kamba na winchi, watu wanne. Chumvi ya bahari haina huruma, kila tukiulaza nakagua bolti, napaka grisi na kubadilisha waya ulioanza kutu.

Bawaba hiyo ilijilipa Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba kimbunga Hidaya kinakuja pwani yetu, vijana wa mtaani walikuja kunisaidia na mlingoti ukalala chini mapema. Kimbunga kilidhoofika kilipofika Mafia. Hata hivyo tungeulaza tena, na nimewaambia wanangu wasisubiri niwepo: onyo likitoka, waite majirani, waulaze mlingoti kwa winchi, kisha wafunge mapangaboi kwa kamba.