Karanga za saa 10 jioni

Mwenye kisukari anayeshinda Kariakoo anaijua saa 10 jioni. Chakula cha mchana kimeshateremka, kazi ya cherehani bado imejaa mezani, na huyo dada wa maandazi anapita na ndoo yake. Kliniki niliambiwa vitafunwa vya ngano nivipunguze. Nile nini badala yake, nilijitafutia mwenyewe.

Nikaangukia karanga. Nanunua mbichi, nazichambua, zilizosinyaa au zenye ukungu natupa, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haimalizwi na moto wa jikoni. Kisha nakaanga kavu, chumvi kidogo tu kwa sababu ya presha. Nikitoka nyumbani nabeba kiganja kimoja, kama gramu 30 hivi, kwenye kikopo chenye kifuniko. Mfuko mzima sibebi. Karanga ukiwa unashona zinaisha bila wewe kujua, na gramu hizo 30 peke yake zina kalori kama 170.

Wanga wake ni gramu 5 hivi, kilichobaki zaidi ni mafuta na protini, ndiyo maana sukari haipandi kwa pupa. Nilijipima kabla ya kula na saa mbili baadaye: kipimo cha sukari (mmol/L) kinacheza kwenye 6 na 7. Andazi na chai ya sukari vilikuwa vinanifikisha 11. Korosho nazo nazipenda, ila wanga wake unakaribia mara mbili ya karanga, kwa hiyo nakula chache. Na bei yake pia inanisaidia kujizuia!

Za kuziogopa ni karanga za mayai. Ule ugumu wa nje ni unga na sukari. Kashata ndiyo usiseme. Kijana wa kahawa akifika na birika lake huniuliza, "Mama, nikupe na kashata?" Namjibu, "Hapana mwanangu, kahawa chungu tupu." Karanga ninazo.

Lakini sukari ikishuka chini ya 4, jasho jembamba, mikono inatetemeka, karanga sizigusi. Mafuta yake yanachelewesha sukari kupanda. Hapo nakunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, napumzika dakika 15, napima tena.

Siku hizi fundi mwenzangu naye anachota kwenye kikopo changu. Hana kisukari, ana njaa tu. Nimemwambia alete chake.