Kwale wa Ndundulu

Kuku wa jirani huja asubuhi kuchakura majani makavu chini ya mwembe wetu, nami kila nikisikia ile chakara-chakara husimama na kikombe changu mkononi. Mke wangu ameshazoea. "Haya, umeshafika Udzungwa," huniambia, na kuendelea na shughuli zake.

Safari yenyewe siisimulii: kupanda kutoka kijiji cha Udekwa hadi msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, ni matope, siafu na magoti kulia. Ninachokumbuka ni pale yule mzee wa Kihehe aliyekuwa akituongoza aliponibonyeza bega nikae chini ya mti, akaweka kidole mdomoni.

Yalianza majani. Jani moja likageuzwa, kukawa kimya, likageuzwa jingine. Kisha nyuma ya gogo ukachomoza mdomo mwekundu, ukafuata uso wa rangi ya kutu, halafu kifua cha kijivu chenye madoadoa meusi kama kilichorushiwa wino. Kwale! Nyuma yake akaja wa pili, na wa tatu. Yule wa mbele akadonoa kitu kando ya kiatu changu, akainua shingo, akanikazia jicho moja. Nilikuwa nimebana pumzi mpaka masikio yanavuma. Siafu alikuwa anapanda shingoni mwangu, nikamwacha apande. Kisha wakaingia kichakani kwa miguu, wala hawakujisumbua kuruka.

Walipopotea, nikaanza kumsomea mzee: kwamba mwaka 1991 watafiti wa Denmark waliona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria ya kambini, humu humu Udzungwa, kwamba mwaka 1994 akatangazwa rasmi kwa jina la kisayansi, na kwamba ndugu zake wa karibu wako misitu ya Asia, si hawa kwale wetu wa mashambani.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo walimgundua ameshapikwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na aliyempika, jina lake limeandikwa?"

Nikamwambia majina niliyowahi kuyaona ni ya watafiti tu. "Aa," akasema, akaokota panga lake. Mpaka leo sijui kama ile "aa" ilikuwa ya kunisuta au ya kunihurumia. Tulipokwisha kushuka kidogo nikapata ujasiri wa kumuuliza kama yeye amewahi kumla.

"Zamani, kabla hatujakatazwa," alijibu bila kugeuka. "Mtamu. Ila hatoshi watu wawili."