Siku Yangu Moja na Bundi wa Sokoke

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nimeshafika kituo cha msitu cha Gede, Kilifi, kuwapokea wageni waliokuja kumwona bundi wa Sokoke (Otus ireneae), bundi mwenye urefu wa sentimita 16 hadi 18 tu, ambaye nchini Kenya makao yake makuu ni msitu wa Arabuko-Sokoke.

Saa moja tunapita kwenye miti ya mirihi iliyoota juu ya mchanga mweupe. Ndege ni wengi humo, lakini siwacheleweshi wageni, kwa kuwa ninayemtafuta hakai hapo.

Kufikia saa tatu udongo umeshakuwa mwekundu na miti imekuwa mifupi, imesongamana: hiki ndicho kichaka cha miti iitwayo Cynometra. Hapa ninawaacha wageni njiani, ninainama na kupenya peke yangu nikikagua matawi ya chini, kwa sababu mchana bundi hawa hulala wawiliwawili, mabega yakigusana, na manyoya yao hayatofautiani na majani makavu. Anayefumba macho nusu ametulia. Anayejirefusha, akajibana na kusimamisha vishungi vya kichwani, ameshaingiwa na hofu, na hapo ninarudi nyuma, hata kama mgeni amesafiri kutoka Ulaya kwa ajili ya picha hiyo.

Saa sita, kivulini, huja swali la rangi. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na wote ni spishi moja ya familia ya bundi iitwayo Strigidae, iliyoelezwa kisayansi na S. Dillon Ripley, mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, mwaka 1966, kisha mwaka 1992 ikagunduliwa pia kwenye misitu iliyo chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Ninapowaambia kwamba chakula chake hasa ni wadudu, wanakijiji wenzangu wanaomhesabu bundi kuwa mkosi hucheka kidogo, na mimi huridhika na kicheko hicho.

Saa kumi na mbili na nusu jioni huanza mluzi wake, noti moja ikirudiwarudiwa upesi. Sipigi sauti iliyorekodiwa ili kumvuta, kwa maana kila anapoijibu huacha kuwinda. Ninasikiliza tu, ninaandika daftarini mlio umetokea upande gani wa njia, na kesho msako utaanzia huko.