Siku moja maishani mwangu: fundi kompyuta wa Makoroboi, Mwanza

Saa 12 na nusu asubuhi. Simu inaita nikiwa bado nasubiri daladala Nyegezi. Ni mwalimu, mteja wangu wa siku nyingi. "Fundi, kompyuta imegoma, kioo chote kimekuwa bluu." Namuuliza kama ameshaizima. Bado. Afadhali. Namwambia apige kwanza picha ya ile mistari ya chini, kisha ashikilie kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike, asubiri kidogo, awashe. Imewaka. Ile picha aitunze, maana kosa likirudi ndiyo itakayoniambia pa kuanzia.

Saa 3. Jirani yangu wa steshenari ana foleni ya wanafunzi na printa haitoi kitu. Amesharistati kompyuta, wapi! Sababu naijua: Windows huandika kazi za kuchapisha kwenye diski, kwa hiyo kazi iliyokwama inaweza kuwa palepale hata mashine ikizimwa na kuwashwa. Hapa nasimamisha ile huduma ya kuchapisha peke yake, nafuta mafaili yaliyokwama kwenye folda yake, naiwasha tena. Hiyo nayo ni ristati, ila ya kipande kimoja. Printa ikaanza kutema karatasi, nami nikarudi kwangu.

Saa 5. Mwaloni, Kirumba. Ofisi ya mama mmoja anayesafirisha dagaa. Magunia yamepangwa hadi mlangoni. Shikamoo, marahaba mwanangu, kisha moja kwa moja kwenye kesi: kompyuta ya hesabu ni nzito, kufungua jedwali moja unaweza kunywa chai ukamaliza. Karani anaapa kwamba huizima kila jioni.

Nabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nafungua ukurasa wa utendaji, nawaonyesha muda ambao mfumo umekuwa hai bila kuanza upya. Zaidi ya wiki tatu. Karani akanitazama kama ninamsingizia, na kusema kweli hakudanganya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna utaratibu wa kuwaka haraka: ukichagua kuzima, programu zako hufungwa, lakini kiini cha mfumo pamoja na draiva zake, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, huhifadhiwa kwenye diski, na kesho yake hurudishwa jinsi kilivyokuwa, na uchafu wake. Ukichagua ristati, kila kitu huanza upya. Ndiyo maana mtu anaweza kuzima kila siku na asipone. Nimekaa hapa kuliko nilivyopanga, kwa sababu jambo hili linawasumbua watu wengi na hakuna anayewaeleza.

Tukaristati. Jedwali likafunguka mara moja. Mama akauliza, "Ndiyo hivyo tu? Na nikulipe?" Nilimjibu kwamba kwa hilo hapana, alipie nauli tu. Ila nikamwonyesha pia programu moja inayochukua kumbukumbu ya muda ya kompyuta (ram) na kuing'ang'ania; ristati imeinyang'anya kwa leo, lakini kama haitasasishwa, wiki ijayo ataniita tena. Kuwasha upya kunaondoa hali mbaya iliyokwisha kujijenga, chanzo kinabaki kilipo. Fundi anayeristati akaondoka bila kuuliza kwa nini, mimi simwiti fundi.

Saa 8. Ugali na sato, haraka. Katikati ya tonge napokea simu kutoka Nansio, Ukerewe: intaneti imekata. Chomoa ruta kwenye umeme, kaka, hesabu nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, chomeka, na usiguse kitu mpaka taa zitulie. Imerudi.

Saa 10. Binti wa chuo ameleta laptopu yenye utafiti wake wote. Wenzake walimshauri aristati, naye akafanya hivyo tena na tena tangu asubuhi. Naweka sikio: tik, tik, tik. Nikaizima palepale. Diski ya kuzunguka ikianza kugonga hivyo, kila kuwasha kunaweza kuzidisha uharibifu ndani yake, na hapa ushauri ninaoutoa kutwa nzima unageuka kuwa hatari. Vivyo hivyo mashine ikiwa katikati ya kusasisha mfumo: iache imalize.

Nikamweleza wazi kwamba huenda tukapata nafasi moja tu, kwa hiyo aniambie nini kitoke kwanza. Alitaja folda ya utafiti bila kufikiri. Nikatoa diski, nikaiunganisha kwenye mashine yangu, nikaanza na hiyo folda kabla ya kitu kingine chochote.

Saa 12 jioni. Utafiti umetoka mzima. Picha nyingi zimetoka, nyingine hazikusomeka. Nimenakili kila kilichopatikana kwenye flashi yake na nakala ya pili nimebaki nayo mimi hadi tutakapofunga diski mpya kesho.