Mbao mbili

Asubuhi ya mashindano nilimwambia Sensei, mwalimu wangu wa karate, kwamba nimekuja kupigana, si kupasua kuni. Hakunijibu. Aliendelea kunifunga bandeji vidole vya mguu, akakaza mpaka nikakunja uso.

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Kyokushin, karate yetu, ni mtindo wa Masutatsu Oyama, mtu aliyesifika kwa kukata pembe za fahali kwa ukingo wa kiganja, nami mwanafunzi wake wa mbali nazidharau mbao!

Zamu yangu ya kupasua mbao ilipofika nilipasua nne kwa ngumi. Kwa kiwiko nikaomba saba, watu waone. Hazikutikisika, mimi ndiye niliyepata ganzi hadi begani. Nikaruhusiwa kurudia, nikachukua tatu kati ya zile zile. Zikakatika. Kiganja tatu, mguu tatu, basi, nikaenda kujinyoosha bila hata kuuliza wenzangu wamefikisha ngapi.

Nusu fainali nikakutana na kijana mfupi, shingo nene. Sisi hatuvai glavu, na ngumi ya uso ni marufuku, kwa hiyo mapaja ndiyo hulipa deni. Yeye alikuwa na teke moja tu: paja la kushoto, juu kidogo ya goti. Akalipiga kama anayeangusha mti, pale pale, pale pale. Nami nikamjibu kwa ngumi za kifua hadi nikaisikia pumzi yake ikikwaruza.

Dakika tatu, sare. Tukaongezewa mbili, sare. Tukaongezewa nyingine, sare. Kufikia hapo mguu ulikuwa umekauka haukunji, na nadhani ndiyo sababu sikuanguka. Tukapandishwa kwenye mizani, tofauti haikutosha kuamua. Mwamuzi akageukia mezani kuuliza hesabu ya mbao.

Mwenzangu 15. Mimi 13.

Nilisema "Osu", neno letu la heshima, nikainama, nikatoka nikichechemea. Njia nzima Sensei alizungumzia barafu na namna ya kulikanda paja.

Mazoezi yaliyofuata nilizikuta dojoni, ukumbini mwetu mwa mazoezi, mbao nne nzima, zimepangwa sakafuni mahali ninaposimama siku zote. Ni zile zilizobaki kwenye saba zangu. Sensei alizibeba bila mimi kujua. Hakusema kitu, aliita tu mstari.

Tatu nilizipasua mwaka ule ule. Mmoja ninao hadi leo. Ndio unaozuia mlango wa dojo yangu usijifunge kukiwa na upepo.