Alfajiri Ndivani

Mjomba alinigongea mlango saa kumi usiku. "Amka mama, leo zamu yetu. Tukichelewa tumewachelewesha watu."

Tulikuwa Bangalala, wilayani Same, chini ya milima ya Upare Kusini. Huku bondeni mvua ni ya kubahatisha; mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600, na vuli ikikatika mapema mahindi hunyauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Kinachowaokoa watu ni ndiva, bwawa ambalo wanakijiji huchimba wenyewe ubavuni mwa mlima.

Njia ya kwenda huko haina mizunguko, imekwenda juu tu. Mjomba, mwenye miaka zaidi ya 60, alitangulia na jembe begani, nami nyuma nikishika majani na mizizi kujivuta. Udongo mwekundu ulikuwa na umande, unateleza. Mara tatu niliomba tupumzike. Kila tulipotulia nilisikia maji yakipita kando yetu kwenye mfereji, membamba hata ungeweza kuyaziba kwa kiganja. Kusema kweli niliingiwa na huzuni. Ndiyo maji haya haya yanayolisha mashamba yote yale?

Chemchemi yenyewe iko juu zaidi, chini ya mkuyu mkubwa, magimbi yameizunguka. Hapo hakuna anayekata hata kuni.

Tulipofika ndivani kulikuwa kumeanza kupambazuka. Ukuta ni wa mawe na udongo wa mfinyanzi, nyasi zimeushika vizuri, sehemu moja imezibwa kwa saruji. Maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na ukingo, yametulia kabisa. Yote hayo yalikuwa ni ule mchirizi wa usiku mmoja! Nilimuuliza mjomba kwa nini wasiyaache yateremke yenyewe usiku kucha.

"Yatanywewa na ardhi," alisema. "Maji machache hayana miguu, yanaishia njiani. Wa juu angepata, wa chini angebaki anaangalia mfereji mkavu. Tukiyalaza hapa, asubuhi yanaondoka kwa nguvu, yanamfikia hata wa mwisho."

Hesabu hiyo waliipiga wazee wa zamani, bila mhandisi, nami naiheshimu kuliko mabwawa mengi makubwa niliyowahi kuyaona. Lakini ndiva haijitunzi. Tope hujaa, na tope hutolewa kwa msaragambo, kila kaya ikileta mtu na jembe. Asiyefika hulipa faini.

Mjomba alishuka kwenye tundu la kutolea maji, akabandua udongo uliolizunguka, kisha akang'oa gogo. Maji yalitoka kwa kishindo, yakaujaza mfereji papo hapo.

"Sasa twende nayo!"

Tukateremka mbio tukiyafuata, mjomba akisukuma kwa jembe majani yaliyoziba hapa na pale, akiziba kwa udongo kila yalipotaka kutoroka. Mbele yetu yalikwenda na povu na majani makavu. Kwa mbali jua lilikuwa limeshaipiga mbuga ya Makanya na mistari ya mkonge.

Shamba la mwisho ni la bibi mmoja mjane. Tulimkuta amefunga kanga kiunoni, ameshafungua ukingo, macho kwenye mfereji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Sogea huko, umesimama kwenye njia ya maji."