Mbwa wa Leicester na Kopo la Udongo

Katika treni za Uingereza mbwa halipi nauli. Abiria anaruhusiwa kupanda na mbwa wawili bure, mradi wasikalie viti. Hayo sikuyajua mpaka nilipotafuta nafasi yangu kwenye treni ya kutoka stesheni ya St Pancras, London, kwenda Leicester kwa dada yangu, nikakuta chini ya meza pamelala dude jeusi, limenyoosha miguu hadi njiani. Mwenyewe, mama wa makamo aliyevaa buti za mvua, alilitazama baibui langu, akamtazama mbwa, akaivuta kamba kidogo. "Mpole huyu, hana neno," akaniambia.

Kila mwenye mbwa niliyekutana naye nchi ile alinihakikishia kuwa wake ni mpole. Hakutokea hata mmoja aliyeniuliza kama mie nataka kunuswa. Nilikaa saa nzima na ushei nimekusanya baibui mapajani, na mbwa akalala fofofo, ila mara moja alinyanyua kichwa na kulinusa begi langu. Ndani mlikuwa na ng'onda, samaki wakavu niliowabeba kwa ajili ya dada, kwa hiyo hapo simlaumu.

Leicester si mji wa kumtisha Mwislamu. Dada anakaa kwenye nyumba za kushikana mitaa ya Highfields, misikiti iko huku na huku, nyama ya halali unainunua kwa miguu, na ukipita Belgrave Road unaweza kuuza Kiswahili chako kwa wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Halmashauri ya mji wakati ule iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Wakaja. Mmoja aliponiuzia bizari alinihesabia chenji kwa Kiswahili cha Kampala, nikacheka peke yangu mpaka nje.

Lakini mbwa wamejaa. Uingereza nzima wanazidi milioni 10. Leseni ya mbwa ilifutwa mwaka 1987, na tangu 2016 kila mbwa wa England ni lazima atiwe chini ya ngozi chipu yenye namba ya kumtambua mwenyewe. Nje ya maduka zimewekwa bakuli za maji, na si za watu. Kuna keki za mbwa, makoti ya mbwa, vinyozi wa mbwa. Kinyesi mwenyewe hukiokota kwa kifuko cha plastiki, asipofanya hivyo hupigwa faini, na utaratibu huo nausifu. Ila wapo wanaookota, wakafunga fundo zuri, kisha wakakitundika kifuko kwenye tawi kama embe, wakaenda zao. Nilimuuliza shemeji sababu. Kaishi kule miaka mingi, hana jibu.

Sasa nieleze nilikotoka, maana wengi hudhani Mwislamu wa pwani anamjua mbwa kwa kumrushia mawe tu. Mjini Unguja ndivyo tulivyolelewa, sikatai. Mtoto akimwona mbwa kichochoroni ama akimbie ama aokote jiwe, na chuoni mwalimu alitusomesha kwamba kilicholambwa au kilichoroweshwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, hata kabla hatujajua vizuri sura ndefu. Lakini upande wa mama ni watu wa Makunduchi, na kule wapo wasasi. Nguruwe wa mwitu wakishaingia konde za mihogo huacha mashimo matupu, na hakuna wa kuwatoa vichakani ila mbwa. Wasasi wale ni Waislamu, wa madhehebu ya Imamu Shafii kama sie wa mjini, na mbwa wao walikuwa na majina, walikula, walitibiwa majeraha. Walilala nje, na chombo chao kilijulikana. Hapakuwa na sheikh aliyewafokea, kwa sababu hadithi inayosema kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku inawatoa wazi mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Qurani yenyewe, Al-Maida aya ya 4, inahalalisha walichokamata wanyama waliofunzwa kuwinda. Na mbwa wa Watu wa Pangoni, yule aliyenyoosha miguu kizingitini, kaingia kwenye Al-Kahf na tunamsoma kila Ijumaa.

Kwa hiyo mie nilikwenda Leicester sichukii mbwa. Nilikuwa nataka tu akae kwake.

Jumapili moja dada alitupeleka Bradgate Park, nje kidogo ya mji, upande wa Newtown Linford. Ni pori zuri la mawe na mikangaga, kulungu wanatembea ovyo, na ndani yake yamo magofu ya nyumba alikokulia Lady Jane Grey, yule binti aliyefanywa malkia siku tisa mwaka 1553 kisha wakamkata kichwa. Kijito cha Lin kinapita kando ya njia. Kuna sehemu mbwa ni lazima wafungwe kamba kwa ajili ya kulungu, lakini kule kijitoni alikuwepo mmoja wa rangi ya asali anaogelea kwa raha zake. Akatoka. Akaja moja kwa moja hadi tuliposimama, akajikung'uta.

Asiyewahi kusimama karibu na mbwa mwenye manyoya marefu anayejikung'uta hajui maji yanaruka kiasi gani. Abaya ya dada ilirowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Mwenye mbwa akaja mbio anacheka na kuomba radhi, ati amefurahi tu kuwaona. Dada akamjibu kwa Kiingereza chepesi kwamba hakuna shida, mbwa mzuri, siku njema. Kisha, tabasamu lile lile bado liko usoni, akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, "Lahaula! Nguo yote hii sasa ni ya udongo."

Nyumbani kwake ua umesakafiwa saruji, na udongo Leicester si kitu cha kuchota mlangoni. Madukani wanauza mboji kwa mifuko, lakini mboji huenda ina samadi, nawe huwezi kuondoa najisi kwa kitu usichokuwa na hakika na usafi wake. Kwa hiyo chini ya sinki la jikoni, kando ya chupa za sabuni, dada kaweka kopo la samli lililojaa udongo aliopewa na rafiki mwenye kijishamba cha mboga. Aliuchekecha kwa chujio kuukuu, akatoa vijiwe, akaukausha. Aliuteka mkono mmoja akautia kwenye beseni, akamimina maji mpaka yakawa ya rangi ya chai ya maziwa, akayapitisha pale paliporowa. Kisha maji matupu, anahesabu kwa sauti. Alipofika ya nne shemeji akaita kutoka sebuleni kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, dada akapotewa na hesabu. Basi akarudi kwenye tatu, kwa kuwa mwenye shaka hujenga juu ya uchache, na shemeji akasubiri chakula.

Binti yake, yuko chuo kikuu, alikuwa ameegemea friji anatutazama. Akauliza kama mashine ya kufulia ikisuuza, kila msuuzo unahesabika peke yake. Mama yake akamwambia aulize msikitini. Binti akasema alishauliza, na imamu ni Mhanafi, wa madhehebu mengine.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, maana Waislamu wengi wa Leicester asili yao ni Gujarat, na wao ni Mahanafi. Jirani wa ukuta mmoja na dada angekwambia mate ya mbwa ni najisi lakini manyoya siyo, kwa hiyo maji ya kijitoni yaliyotoka manyoyani hayana neno, na hata chombo kilicholambwa, kuosha mara tatu kunatosha. Ukienda kwa Mmaliki, Mmorocco au Mwalgeria, atakwambia mbwa mwenyewe ni twahara, si najisi, na zile mara saba za kuosha chombo ni ibada, tunatii bila kuuliza sababu. Hoja ya Imamu Malik ni kwamba tunaruhusiwa kula mnyama aliyekamatwa na mdomo wa mbwa, basi mate yake yatakuwaje uchafu? Na sie Mashafii tuna kanuni inayosahaulika kwa urahisi: kavu kwa kavu haina najisi. Mbwa mkavu akikupita na nguo yako kavu, kaswali zako. Kule kukunja baibui kwangu kwenye treni hakukutoka kwenye kitabu chochote cha fiqhi. Ilikuwa ni malezi ya vichochoroni.

Shemeji ni dereva wa teksi, na kwake mbwa ni suala la riziki. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlazimisha kumbeba kipofu na mbwa wake, bila kuongeza hata senti. Udhuru unaokubalika ni wa kiafya tu, tena kwa cheti. Dini haimo. Ukikataa, faini inaweza kufika pauni 1,000, na leseni nayo inakuwa mashakani. Mwenzake mmoja alikataa, akaburuzwa mahakamani, na kijiweni kwao wakagawanyika: wengine wakasema kaonewa kwa dini yake, wengine wakasema kajitakia.

"Wewe ulikuwa upande gani?" nikamuuliza. Tulikuwa ndani ya gari, ananipeleka sokoni.

"Shemeji, mie nina shuka." Akaniambia nifungue buti nikishuka. Kweli, mlikuwa na shuka la zamani limekunjwa vizuri, chupa ya maji na kanzu safi ndani ya mfuko. Mteja mwenye mbwa akipiga simu, shuka hutandikwa chini mbele ya kiti, mbwa hukaa pale miguuni mwa mwenyewe, safari huisha, shuka hukunjwa. "Mbwa wale wamefunzwa kuliko abiria wangu wa Jumamosi usiku. Hatapiki, hagombi, hakimbii nauli. Na yule mtu haoni! Nimwache mvuani, kisha niende nikaswali?"

Uingereza mbwa wa kuongoza vipofu walianza mwaka 1931, wanne wa kwanza, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Na ni mji ule ule wa Leicester, mwaka 2008, ambako kijana wa Kiislamu asiyeona aliruhusiwa kwenda msikitini na mbwa wake, baada ya Baraza la Sharia la Waislamu wa Uingereza kutoa fatwa. Mbwa haingii panaposaliwa. Alitengewa mahali pa kupumzika mlangoni, na kijana akaingia kuswali na wenziwe. Habari hiyo ilitangazwa kama ajabu ya mwaka, nami kila nikiifikiria naona wasasi wa Makunduchi wangeuliza ajabu iko wapi. Mbwa ana kazi, ana mahali pake, basi.

Ugumu wenyewe hauko kwa mbwa wa kazi. Uko kwa yule anayelala kitandani kwa watu, anayelamba sahani kisha sahani ikarudi kabatini, ambaye wewe ukialikwa chai unatazama kikombe na kujiuliza. Dada hualikwa na jirani wa ng'ambo, bibi mjane mwenye kijimbwa kizee chenye kikohozi. Huenda. Hubeba visheti na, samahani, hubeba na chai yake kwenye chupa, akasema daktari kamkataza maziwa ya ng'ombe. Bibi yule si mjinga. Siku niliyofuatana na dada, bibi alikwisha kumfungia mbwa chumbani kabla hatujagonga, na vikombe alikuwa amenunua vipya vya karatasi. Hakusema kitu, na dada naye akanywa chai ya bibi, maziwa na yote. Nje nikamkumbusha daktari wake. Akanifinya.

Nao Waingereza si kwamba hawaogopi. Mbwa wa aina ya XL Bully, baada ya kuua watu, walipigwa marufuku: tangu Februari mosi 2024 ni kosa kuwa naye England na Wales bila cheti maalumu. Mama wa Kizungu akihamia upande wa pili wa barabara kumkimbia mbwa, husemwa ni mwangalifu. Mwenye hijabu akifanya hivyo hivyo, husemwa dini yake ina taabu. Hilo dada alinieleza bila hasira, anakata vitunguu.

Usiku wa kuamkia safari yangu, binti akatoboa lililokuwa likimkereketa. Anataka mbwa. Si sasa, akimaliza chuo na kupata nyumba yake. Ana rafiki wa Kialgeria ambaye kwao wanafuga, wanaswali tano, wanafunga Ramadhani, na hawajapotea.

"Kwa hiyo unahama madhehebu kwa ajili ya mbwa," dada akasema.

"Mama, si ni madhehebu ya haki pia?"

"Ni ya haki. Na malaika, wasioingia nyumba yenye mbwa?"

Binti akanigeukia mie. "Mamdogo, kwa babu wa Makunduchi malaika hawakuingia?"

"Mbwa wa babu alilala nje," nikamjibu, "na alikuwa na kazi."

"Wangu atalinda nyumba."

Shemeji akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Dada hakucheka. Alifuta meza yote, pole pole, akakikamua kitambaa, akakitundika. "Nyumba yako, hesabu yako," akasema mwishowe. "Mie nitakuja kukutembelea, siwezi kumtupa mwanangu kwa mnyama. Lakini chumba nitakacholala mie asitie mguu, na mswala nitakuja na wangu."

"Na kopo?" binti akauliza.

"Na kopo."